Laini ya E1 imegoma: tatizo likionekana hivi, anza kuchek hapa

Shida za laini za E1 (laini ya kidijitali ya kampuni ya simu inayobeba simu nyingi kwa pamoja) kwenye DAHDI (dreva za kadi za simu) na Asterisk (programu ya kuendesha simu za ofisi) ni zilezile zinajirudia, watu tofauti, kadi tofauti, ila maelezo ukiyasoma yanafanana kabisa. Hapa nimezipanga kwa dalili, yaani kile unachokiona au unachokisikia, sio kwa jina la chanzo, maana ungekuwa unakijua chanzo usingekuwa unatafuta. Kwenye kila dalili kinachotangulia ndo kinachotokea sana, na vya kuchek kwa macho au kwa amri moja vinakuja kabla ya vile vya kufungua mashine.

Kabla ya yote elewa hili, laini hii ina ngazi tatu. Chini kabisa ni waya na fremu. Juu yake kuna D chaneli, ambako mashine mbili zinasalimiana kwa Q.921. Juu kabisa ndo simu zenyewe kwa Q.931. Ngazi ya juu haisimami kama ya chini inatikisika, sasa ukimkuta mtu anabadilisha `pridialplan` (aina ya namba unayotangaza) wakati spani (laini moja ya E1 au T1 kwenye kadi) bado ina alamu nyekundu ujue anapoteza muda, na baadae hatakumbuka alibadilisha nini. Panda kutoka chini. Na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, badilisha kimoja, pima, andika, alafu endelea.

Karatasi ya kuwa nayo mkononi kabla hujagusa faili lolote, hii uipate kwa kampuni ya simu na kwa maandishi: laini ni E1 au T1, msimbo wa laini (namna bit zinavyowekwa kwenye waya) ni HDB3 au AMI, CRC4 (ukaguzi wa makosa ya fremu) ipo au haipo, sigino (ishara za kupanga simu) ni PRI, yaani ile ya D chaneli, au ni R2, D chaneli iko wapi, wanakutumia tarakimu ngapi za namba iliyopigwa, na kloki inatoka kwa nani. E1 ni 2.048 Mbps, nafasi 32, ya 0 ni ya fremu na ya 16 kwa kawaida ni ya sigino, zinabaki chaneli 30 za sauti. T1 ni 1.544 Mbps, chaneli 24, na ikiwa PRI ile ya 24 ndo D chaneli. Nusu ya matatizo yote yaliyoko hapa chini ni pande mbili kutokubaliana kwenye moja ya hayo mambo, programu yenyewe wala haina kosa.

Amri utakazozitumia muda wote:

`cat /proc/dahdi/1`
`dahdi_tool`
`asterisk -rx "pri show spans"`

ONYO: ukirestart DAHDI au Asterisk simu zote zinazoendelea zinakatika hapohapo, na kama laini hiyo ndo watu wanapigia namba za dharura basi kwa muda huo hawana pa kupigia. Chek kwanza `core show channels`, waambie watu, nakili `/etc/dahdi` na `/etc/asterisk` pembeni, ndo uanze.

"dahdi_cfg inatoa error, au kadi haionekani kabisa"

Kinachotokea sana ni kerneli (kiini cha Linux). Seva imejiapdeti usiku, ikawashwa upya, na moduli za DAHDI zilikuwa zimejengwa kwa kerneli ya zamani. Jaribu `modprobe wct4xxp` au dreva wa kadi yako, ukiambiwa moduli haipo, jenga DAHDI upya ukiwa na heda za kerneli inayotembea sahivi, sio ile uliyoizoea. Ukikutana na `Required key not available` basi moduli ipo ila Secure Boot inaikatalia kwa kuwa haina saini, hapo unaisaini au unazima Secure Boot kwenye BIOS. Jambo likishatulia, funga kerneli isijiapdeti yenyewe kwenye seva ya simu. Kwa hili sina mjadala, seva inayobeba E1 haitakiwi kubadilika bila mtu kuwepo.

Cha pili, kadi iko kwenye T1 wakati laini ni E1. Hii inajitangaza yenyewe kama unasoma namba. Ukiona

`DAHDI_CHANCONFIG failed on channel 25: No such device or address (6)`

angalia hiyo 25. Chaneli 1 hadi 24 zimepita bila neno, ya 25 imekataliwa kwa sababu kadi inajiona ni T1 na T1 inaishia 24. Kwenye kadi za zamani kuna jampa, kwenye mpya unaweka `options wct4xxp default_linemode=e1` ndani ya faili la `/etc/modprobe.d`, unatoa moduli na kuirudisha. `DAHDI_SPANCONFIG failed on span 1: Invalid argument (22)` nayo mara nyingi ni ukoo huohuo, umeandika `esf,b8zs` kwenye kadi ya E1 au `ccs,hdb3` kwenye kadi ya T1.

Cha tatu, hesabu ya chaneli za spani ya pili. Namba hazianzi upya, zinaendelea. Spani ya kwanza ni `bchan=1-15,17-31` na `dchan=16`, ya pili ni `bchan=32-46,48-62` na `dchan=47`. Watu wanaandika 48 kwa dchan kwa sababu wanajumlisha 32 na 16, wakati spani moja ya E1 kwenye DAHDI ina chaneli 31 tu za kuhesabu, ile ya fremu haihesabiwi.

`DAHDI_ATTACH_ECHOCAN failed` maana yake umeandika `echocanceller=mg2` (kiondoa mwangwi) alafu moduli ya `dahdi_echocan_mg2` haijapakiwa. Hili ni jepesi, ipakie na uendelee.

Alafu kuna wale ambao DAHDI iko sawa ila Asterisk inasema amri ya `pri show spans` haipo. Hapo Asterisk ilijengwa kabla ya libpri (maktaba ya PRI). Mpangilio ni DAHDI kwanza, libpri pili, Asterisk mwisho. Jenga Asterisk upya, basi.

Kama hata `lspci` haioni kadi, zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, jishikize kwenye chasi kuondoa umeme tuli, toa kadi na uikalishe vizuri au uihamishie sloti nyingine. Ikiwa bado haionekani na sloti hiyo inasoma kadi nyingine, kadi imekufa. Usianze kuchomelea vitu kwenye kadi, rudisha kwa muuzaji.

"Alamu nyekundu"

Nyekundu ni kwamba wewe husikii kitu, au unasikia ila huelewi fremu zake.

Waya kwanza. E1 ya RJ45 inatumia pini 1 na 2 kupokea na 4 na 5 kutuma ukiwa upande wa kadi. Kutoka kwenye boksi la kampuni ya simu hadi kwenye kadi kawaida ni waya ulionyooka. Kadi kwa kadi au PBX (swichi ya simu ya ofisi) kwa PBX ndo unahitaji krosi, na krosi yenyewe ni 1 kwenda 4 na 2 kwenda 5. Krosi ya mtandao wa kompyuta inapishanisha 1 na 3, 2 na 6, hiyo hapa haifanyi kazi hata kidogo na imeshapotezea watu siku nzima kwa sababu kwa macho ni waya mzuri tu mpya kutoka kwenye pakiti.

Chek pia kama uko kwenye poti sahihi. Kadi yenye poti nne, nafasi ya kukosea ni kubwa, na saa zingine mtu wa usafi kachomoa na kurudisha pengine.

Ukitaka kujua kosa liko kwako au kwao, tengeneza plagi ya lupu. Chukua kichwa cha RJ45 na vipande viwili vifupi vya waya, kimoja kiunge 1 na 4, kingine kiunge 2 na 5, bana. Weka spani kwa muda iwe `span=1,0,0,ccs,hdb3,crc4`, endesha `dahdi_cfg -vv`, chomeka plagi kwenye kadi. Nyekundu ikiondoka, kadi na dreva na mipangilio yako ya chini ni mizima, tatizo liko kwenye waya au ng'ambo ya waya. Nyekundu ikibaki, liko kwako. Kiplagi hiki kinamaliza ubishi wa kampuni ya simu kusema "kwetu safi" kuliko barua pepe ishirini, kila mwenye E1 awe nacho kwenye droo. Ukimaliza kumbuka kurudisha namba ya kloki kama ilivyokuwa.

Kama lupu inapita ila laini bado nyekundu, angalia CRC4. Wewe umeweka `crc4` na wao hawana, au kinyume chake. Dalili yake saa zingine sio nyekundu ya moja kwa moja, inawaka inazima, inakubali sekunde kadhaa inaanguka tena. Toa neno `crc4` kwenye mstari wa spani, jaribu. Ikitulia, wapigie uwaulize waweke au waache, ila pande zote mbili zifanane.

Cha nadra zaidi ni impidansi. Boksi lao likitoa laini kwa koaksi mbili za BNC hiyo ni ohm 75, kadi yako ya RJ45 ni ohm 120, katikati inatakiwa baluni (kifaa cha kuoanisha ohm 75 na 120). Wengine wanaunga waya moja kwa moja na inashika kwa bahati, alafu makosa yanaongezeka kidogokidogo mpaka siku inakataa. Usiunge hivyo.

ONYO: ACHA hapa kama E1 inaletwa kwa DSL ya nyaya za shaba. Nyaya zinazoingia kwenye boksi la kampuni zinaweza kuwa zimebeba umeme wa kulisha vifaa vya mbali, zaidi ya volti 100, usizivue wala kuzikata wala kuzipima kwa vidole. Kama inaletwa kwa faiba usichungulie ncha ya faiba. Na kukiwa na radi usishike waya wowote unaotoka nje ya jengo, subiri ipite. Wewe mpaka wako ni poti ya RJ45 au BNC ya boksi lao, kutoka hapo kwenda nje ni kazi ya mafundi wao.

"Ya njano, au ya bluu"

Njano ni kwamba wewe unawasikia wao ila wao hawakusikii wewe. Kwa hiyo angalia jozi ya kutuma, pini 4 na 5 upande wa kadi, waya mmoja umekatika au kichwa kimebanwa vibaya. Kama waya ni mzima basi uwaulize wao wanaona nini kwao.

Bluu ni AIS, boksi lililo mbele yako linakutumia bit za 1 tupu kwa kuwa lenyewe limepoteza laini upande wa nyuma. Hapa usibadilishe kitu chochote kwako, piga simu tu. Watu wanaharibu mipangilio iliyokuwa sahihi wakihangaika na bluu, alafu kampuni ikirekebisha kwao laini bado haipandi kwa sababu sasa huku ndo kumeharibika.

"Spani ni OK, ila PRI iko Down"

Sasa tuko ngazi ya pili. Waya umekubali ila D chaneli haiamki. Washa debag:

`pri set debug on span 1`

Ukiona SABME (ombi la kufungua D chaneli) inatoka, inatoka, inatoka kila baada ya muda mfupi na hakuna UA (jibu la kukubali) inayorudi, mashine yako inabisha hodi na ndani kimya. Chanzo cha kwanza kabisa ni kwamba kampuni haijaiwasha D chaneli upande wao, au wameifunga baada ya laini kukaa chini muda mrefu. Hii hutokea sana kwa laini mpya na kwa laini iliyotoka kutengenezwa. Piga, waambie kwa maneno hayohayo: "natuma SABME sipati UA", fundi anayejua kazi atakuelewa mara moja.

Cha pili ni nani ni nani. Kwa laini ya kampuni ya simu wewe ni `signalling=pri_cpe`, CPE ni upande wa mteja. `pri_net`, upande wa mtandao, ni pale wewe unapolisha PBX ya zamani nyuma yako. Na logi ikiandika

`We think we're the CPE, but they think they're the CPE too.`

usikimbilie kubadilisha iwe `pri_net`. Kwa laini ya kampuni ujumbe huo mara nyingi unamaanisha unajisikia mwenyewe, kuna lupu sehemu. Fundi wao aliweka lupu ya kupimia akasahau kuitoa, au kile kiplagi chako bado kimechomekwa. Kwa PBX kwa PBX ndo hapo inaweza kuwa kweli wote wawili mmejiandika wateja.

Cha tatu, D chaneli haipo unapodhani. E1 kwa kawaida ni 16 lakini sio sheria ya mbinguni, uliza. Cha nne ni kwamba laini sio PRI, ni R2, na utangoja UA mpaka kesho. R2 inatumia CAS (kila chaneli ina ishara zake), mipangilio yake ni mingine kabisa, nimeigusa chini.

"PRI inapanda inashuka, logi imejaa HDLC Abort, sauti ina vidoti, faksi hazipiti"

Hii ndo dalili ambayo watu wanahangaika nayo muda mrefu kuliko zote kwa sababu simu zinapita, tena nyingi zinapita vizuri, kwa hiyo hakuna anayeamini kuwa laini ni mbovu. Wakubwa wanasema ni mtandao, fundi anasema ni simu za mezani. Nenda kwenye kloki kwanza.

E1 inatuma fremu 8000 kila sekunde, fremu moja ni maikrosekunde 125. Pande mbili lazima zihesabu kwa mwendo mmoja. Mmoja akiwa na kasi kidogo kuliko mwenzake, bafa inajaa au inakauka, na mwisho fremu nzima inatupwa au inarudiwa, ndo inaitwa slipu. Tofauti ya sehemu 1 kwa milioni tu inatosha kuleta slipu kila sekunde 125. Ikiwa sehemu 50 kwa milioni, ambayo ndo uhuru ambao kiwango cha E1 kinaruhusu kifaa kiwe nao, unapata slipu kila sekunde 2 na nusu. Kwenye mazungumzo unasikia kidoti kidogo, mtu anavumilia. Faksi na modemu hazivumilii. Na slipu ikiangukia katikati ya ujumbe wa D chaneli, ujumbe unaharibika, ndo hiyo `HDLC Abort (6)` au `HDLC Bad FCS (8)` unayoiona. Zikifuatana, PRI inaanguka.

Angalia mstari wako:

`span=1,1,0,ccs,hdb3,crc4`

Namba ya pili hapo ndo kloki. 1 ni "chukua kloki kutoka laini hii", 0 ni "usichukue kloki hapa". Kwa laini ya kampuni ya simu inatakiwa 1. Ukiwa na 0 kila upande unaenda kwa saa yake mwenyewe na slipu haziishi. Ukiwa na spani ya pili ya kampuni hiyohiyo weka 2, hiyo ni akiba kama ya kwanza ikidondoka. Spani inayolisha PBX nyuma yako weka 0, PBX ndo ifuate kloki kutoka kwako. Watu wanakopi mstari wa kwanza kwenda chini bila kubadili namba, spani nne zote zina 1, hiyo sio sawa.

Kama una laini za kampuni mbili tofauti kwenye kadi moja, kadi itafuata kloki moja tu. Kampuni zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye saa kuu yenye ubora wa G.811 hutaona tatizo, kati ya saa mbili za namna hiyo slipu haizidi moja kwa siku 70 hivi. Ukiona slipu nyingi kwenye laini ya kampuni moja tu na namba zako ni sahihi, basi hiyo kampuni kloki yake haijakaa sawa, na hilo wewe huwezi kulirekebisha kwa faili lolote.

Kloki ikiwa sawa na HDLC Abort zinaendelea, nenda kwenye mashine yenyewe. Kadi nyingi zinaita prosesa mara 1000 kwa sekunde, na zikicheleweshwa data inapotea. Endesha `dahdi_test` dakika kadhaa wakati seva ina kazi, sio usiku imelala. Unataka 99.98% kwenda juu. Ikishuka, angalia `cat /proc/interrupts` kama kadi inashiriki mstari mmoja na diski au kadi ya mtandao, ihamishe sloti, zima kwenye BIOS vitu usivyotumia, zima pia upunguzaji wa nguvu za prosesa. Angalia saa za makosa pia. Kama Abort zinakuja kila usiku saa ileile basi ni bakapu inayokula diski, na wala sio laini. Kadi ikiwa imepitishwa ndani ya mashine pepe, jaribu kwanza kwenye mashine halisi kabla hujalaumu mtu.

Zikibaki baada ya hapo, waya. Urefu mkubwa kupita kiasi, waya umelala pamoja na nyaya za umeme, kichwa kimelegea. Waya mpya ni rahisi kuliko kubahatisha.

"Simu za kutoka zinakataliwa"

Logi inaandika `Everyone is busy/congested at this time` na watu wanaishia hapo. Hiyo sentensi haikuambii kitu. Washa debag ya PRI, piga simu moja, tafuta namba ya sababu kwenye DISCONNECT au RELEASE COMPLETE. Namba ndo inasema.

1 ni namba haipo kwa maoni yao. 28 ni muundo wa namba haujakaa. Hizi mbili nyingi zinatoka kwenye aina ya namba unayotangaza, weka `pridialplan=unknown` ujaribu, alafu chek kama unatuma sifuri ya mbele au msimbo wa nchi wakati wao hawaitaki. 34 hamna chaneli, zimejaa au zimefungwa. 44 chaneli uliyoomba haipatikani, nimeieleza kwenye kichwa kinachofuata. 50 na 57 ni huduma hujaruhusiwa, mfano laini imefungiwa simu za nje ya nchi, hapo ni ofisi yao ya huduma, hata bili inaweza kuhusika. 41 ni hitilafu ya muda, ikijirudia sana rudi kwenye kloki. 16 na 17 sio makosa, mtu kakata au anaongea.

Kama simu inapita ila namba yako inayoonekana sio uliyoweka, kampuni inaichuja. Wanakubali namba zilizo kwenye mkataba wako tu, nyingine wanabadilisha na namba kuu. Usipoteze muda kwenye Asterisk.

"Zikiwa chache zinapita, zikiwa nyingi zinaanza kukataa"

Angalia mnavyochukua chaneli. Wao wakianza kutoka 1 kwenda juu na wewe `Dial(DAHDI/g0/...)` pia unaanza kutoka chini, mnagongana kwenye chaneli moja, anayeshindwa anapata 44. Tumia herufi kubwa, `G0`, wewe uanze juu kushuka. Badiliko la herufi moja na malalamiko yanapungua.

Kama zinazofeli ni zile za kuanzia ya 16 kwenda juu tu, kuna kutoelewana kwa kuhesabu, upande mmoja unahesabu chaneli 1 mpaka 30 mfululizo na mwingine unaruka 16. Hii inatokea zaidi kwenye QSIG (sigino ya PBX kwa PBX), kuna `qsigchannelmapping` ya kuweka `logical` au `physical`.

Na kama chaneli moja moja zinabaki zimeshikwa bila simu, chek `dahdi show channels`, alafu waulize kama wao wanaona hivyohivyo. Swichi zingine hazipendi ujumbe wa RESTART unaotumwa kwa ratiba, `resetinterval=never` inatuliza.

"Simu za kuingia hazifiki"

Karibu kila mara ni tarakimu. Wewe una ekstensheni ya namba nzima na wao wanatuma nne za mwisho, au kinyume. Logi inasema ekstensheni fulani kwenye konteksti fulani haipo, soma hapo walichotuma neno kwa neno, badilisha dialplani (mpango wa Asterisk wa kupitisha simu, na konteksti ni fungu lake moja) ifanane. Kwa kupima weka `_X.` kwenye konteksti ya kuingilia tu, usiiache hapo na konteksti hiyo isiwe na njia ya kutoka nje, la sivyo mgeni anaweza kupiga simu kwa gharama yako. Ukiona tarakimu zinafika pungufu, moja au mbili tu, uliza kama wanatuma kwa vipande, ndo `overlapdial=yes`.

"Mwangwi, au upande mmoja hausikii"

E1 yenyewe haitengenezi mwangwi, unatoka pale laini inapogeuka kuwa nyaya mbili kule mwisho. Kazi yako ni kuhakikisha `echocancel=yes` ipo na mstari wa `echocanceller` unagusa chaneli zote za sauti, sio 1-15 peke yake. Alafu `rxgain` na `txgain` zirudishe 0.0, watu wanazipandisha kutafuta sauti kubwa na wanaupandisha mwangwi pia.

Kusikika upande mmoja: kwenye E1 chaneli inabeba njia zote mbili pamoja, kwa hiyo shida hiyo iko upande wa SIP (simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta), fayawoli au NAT. Piga simu iingie kwa E1 itoke kwa E1 bila SIP, ukisikika huku na huku, achana na laini.

"Laini ni R2"

`cas=1-15:1101` na `cas=17-31:1101`, mstari wa spani ni `cas` badala ya `ccs`, na kwenye chan_dahdi `signalling=mfcr2` pamoja na OpenR2 (maktaba ya R2). Kosa la kwanza ni `mfcr2_variant`, kila nchi ina yake, ukikosa tumia `itu` kuanzia. La pili ni `mfcr2_max_dnis` kuwa kubwa kuliko tarakimu wanazotuma, simu inakaa inangoja tarakimu isiyokuja mpaka inakatika. `mfcr2 show channels` ikionyesha upande wao BLOCK kwa chaneli zote, wamezifunga wao.

Wakati wa kupiga simu

Piga kampuni ya simu kama lupu inapita kwako na laini bado nyekundu, kama ni bluu, kama SABME haijibiwi, au kama slipu zinaendelea na kloki yako iko kwenye 1. Piga fundi wa vifaa kama kuna harufu ya kuungua, kadi ni ya moto isivyo kawaida, au poti zaidi ya moja zilikufa baada ya radi, na usiwashe tena mpaka earthi na kinga ya radi vipimwe. Ukipiga uwe na namba ya saketi yao, saa tatizo lilipoanza, alamu ilikuwa rangi gani, umeshafanya lupu au bado, na debag ya simu moja iliyofeli. Debag hiyo ihifadhi kwenye faili kwa `pri set debug file /tmp/pri.log`, alafu ukishaipata izime, `pri set debug off span 1`, maana ikiachwa inajaza diski na ndani yake kuna namba za wateja wote waliopiga, kwa hiyo kabla ya kumtumia mtu futa zile zisizohusika.